Wembe wa kukunja unagusa mpini ukiufunga? Jinsi ya kulirudisha bapa katikati

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na huwa linakuja kwa maneno yaleyale: nimenunua wembe wa kukunja, nikiufunga bapa haliingii katikati ya mpini, linaegemea upande mmoja, nifanyeje? Na wengi wanaouliza tayari wameshashika nyundo. Naomba uiweke chini kwanza. Nimeshaona mipini mizuri ya pembe ya miaka mingi ikipasuka kwenye tundu kwa sababu mtu aligonga pini ambayo haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa sehemu nyingine kabisa.

Kabla hujagusa kitu, jiulize swali moja: makali yanagusa mpini au hayagusi? Kama bapa limeegemea kidogo lakini likiingia makali hayagusi popote, wembe wako ni mzima, uache. Nyembe za zamani za Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani) zilimaliziwa kwa mkono, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kukaa katikati kamili tangu siku ya kwanza na zimenyoa watu vizazi na vizazi. Ishu inaanza pale makali yanapokwaruza mpini, maana hapo kila ukifunga unapoteza ukali ulioutafuta kwenye jiwe kwa saa nzima, na mpini nao unachongwa mfereji kwa ndani.

Ili tuelewane, majina nitakayotumia ni haya. Bapa ni chuma chenye makali. Shina ni kile kipande cha chuma kisicho na makali kati ya bapa na bawaba. Bawaba ni pale wembe unapozungukia, na ndani yake kuna pini ya bawaba. Mashavu ni vile vipande viwili vya mpini, kushoto na kulia. Kabari ni kile kipande kidogo kinachotenganisha mashavu upande wa mwisho, nacho kina pini yake.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vyote kwa pamoja, inategemea utakuta tatizo gani, ila vya mwanzo ni hivi: tepu ya karatasi, rula ya chuma iliyonyooka kweli, tochi, mafuta mepesi ya mashine, uzi mnene au kijiti cha meno, na kitambaa. Ukifika kwenye kukaza pini utahitaji nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, isizidi gramu 100 hivi, na kipande cha chuma kizito kilicho laini juu cha kugongea. Nyundo ya kupigilia misumari ya mbao usiilete hapa. Kama itabidi kupasha mpini, andaa sufuria ya maji ya moto, beseni la maji baridi na glavu. Na ikifika kufungua wembe mzima, basi tupa ndogo ya kusugulia chuma, drili yenye biti ya milimita 1.5, waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6, washa ndogo (vile vipete vyembamba vya chuma) za kufiti huo waya, msasa laini, na skrubu mbili nyembamba zenye nati za kufanyia majaribio. Hizo skrubu watu wengi wanazidharau halafu wanajuta, nitaeleza mbele.

Ujue pia mpini wako ni wa kitu gani kwa sababu hilo ndilo linaamua kama utaupasha joto au la. Pembe ya mnyama ina mistari mistari ndani na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto inatoa harufu kama ya nywele zilizoungua kwa mbali. Seluloidi, ile plastiki ya zamani, ukiisugua hivyohivyo inatoa harufu ya kafuri. Mpira mgumu unatoa harufu ya kiberiti. Mbao na mfupa utazitambua kwa macho.

Hatua zenyewe

1. Ziba makali. Zungushia bapa tepu ya karatasi mara mbili tatu, kuanzia ncha mpaka mwisho wa makali. Usiruke hatua hii hata kama "unaangalia tu". Ukiwa unageuzageuza wembe kutafuta kosa akili yote iko kwenye mpini, na hapo ndipo vidole vinapokatwa. Tepu hiyo ni nyembamba, haitakuzuia kuona bapa linaegemea wapi.

2. Safisha bawaba. Hii inaonekana ndogo lakini imeshaniokolea kazi mara nyingi. Ndani ya bawaba ya wembe wa zamani kunakuwa na sabuni iliyokauka, nywele na kutu, na ikijikusanya upande mmoja tu inalisukuma shina upande wa pili. Pitisha uzi mnene kati ya shina na shavu, uvute huku na huku, weka tone moja la mafuta, fungua na funga mara ishirini, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Kisha angalia tena. Kuna nyembe zinarudi katikati hapohapo, na kama wako ni mmoja wao basi kazi imeisha.

3. Jaribu ulegevu. Shika mpini kwa mkono mmoja karibu na bawaba, mkono wa pili ushike shina (sio bapa), halafu sukuma kushoto na kulia polepole. Kama shina linacheza na unasikia ule mgongano mdogo wa chuma, pini imelegea. Jaribio lingine, fungua wembe nusu halafu shika mpini mlalo, bapa likiwa juu: bapa likianguka lenyewe kwa uzito wake, pini imelegea. Wembe uliokazwa sawasawa unabaki pale ulipouacha lakini unafunguka kwa kidole kimoja bila kulazimisha.

4. Fanya jaribio la kufunga na kufungua. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote katika mwongozo huu na wengi hawalijui, kwa hiyo lisome taratibu. Shika mpini mbele yako, mgongo wa mpini juu, bawaba ielekee mbali na wewe. Funga wembe, angalia kutoka juu ncha ya bapa inaegemea kushoto au kulia. Tuseme ni kushoto. Sasa, bila kuugeuza mpini mkononi, fungua wembe mpaka ulale mstari mmoja na mpini, halafu angalia tena kutoka juu: bapa limeendelea kwenda moja kwa moja, limekata kushoto au limekata kulia?

Kama ukifunga linaegemea kushoto na ukifungua linakata kulia, yaani limebadilisha upande, basi pini ya bawaba imekaa mshazari. Mhimili umeinama, chuma kinafuata mhimili, ndiyo maana pande zinapishana. Hapo tatizo liko kwenye pini au kwenye matundu ya mashavu.

Kama ukifunga ni kushoto na ukifungua bado ni kushoto, tatizo liko ndani ya chuma chenyewe: ama bapa au shina limepinda, ama tundu la kwenye shina lilitobolewa mshazari tangu kiwandani. Ili kujua ni lipi, laza bapa kwenye kioo kilichonyooka, mgongo na makali vyote viguse, na uligonge kidogo kwa kidole kwenye ncha. Geuza upande wa pili ufanye vilevile. Likiyumba upande mmoja na kutulia upande mwingine, bapa limepinda.

Na kama ukifungua liko sawa kabisa lakini ukifunga linagusa, chuma na pini ni vizima, mpini ndio umepinda. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, hasa kwenye pembe, kwa sababu pembe inanyonya unyevu na kukauka na kila mara inajikunja kidogo.

5. Pima mashavu. Fungua wembe, weka rula ya chuma kwa urefu juu ya shavu moja, washa tochi kwa nyuma, angalia mwanga unapita wapi. Fanya shavu la pili. Mashavu mengi yametengenezwa yakiwa na tumbo kidogo kuelekea nje, hilo ni sawa mradi yote mawili yafanane. Unachotafuta ni tofauti: moja lina tumbo la nje na lingine limeingia ndani, au yote mawili yamekwenda upande mmoja kama ndizi. Halafu tazama mpini kutokea kwenye kabari kama unavyotazama ubao kujua umenyooka. Ukiona mashavu yamejisokota, shavu moja limepanda na jingine limeshuka, basi kabari nayo ina mkono wake hapo.

Mpaka hapa hujarekebisha kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa chagua hatua kulingana na ulichokiona, sio lazima upitie zote.

6. Pini imelegea: ikaze. Weka kipande cha chuma mezani, laza wembe ukiwa wazi, kichwa cha pini kikae juu ya chuma sawasawa. Gonga kichwa cha juu kwa ile nyundo ndogo, mapigo mepesi sana, na usigonge katikati, zunguka ukingoni mwa kichwa kama unachora duara. Lengo ni kuitanua ile shaba ishuke juu ya washa. Piga sita au nane, geuza wembe, piga idadi ileile upande wa pili, pima ulegevu. Rudia. Sikiliza mlio pia, mwanzoni unakuwa mlio mkavu wa kugongagonga kitu kilicholegea, pini inapoanza kushika mlio unakuwa mmoja, mzito, kama unagonga chuma chenyewe. Ukisikia hivyo simama upime. Pini ukishaikaza kupita kiasi hailegei kwa kutamani, na shavu la pembe kavu linaweza kupasuka kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni kwa pigo moja la ziada.

Bapa likiwa bado linaegemea baada ya kukaza, rudia hatua ya 4. Pini iliyolegea inadanganya vipimo vyote.

7. Pini imeinama: inyooshe. Kama pande zilipishana na shaba ni ile laini ya kawaida, jaribu kwanza bila kufungua kitu. Fungua wembe uwe mstari mmoja na mpini. Mkono mmoja ubane mashavu yote mawili kwa nguvu karibu kabisa na bawaba, mkono wa pili ushike shina kwa kitambaa, halafu sukuma shina kuelekea upande ule ambao bapa linaegemea likiwa limefungwa. Kwa mfano wetu likifungwa linaegemea kushoto na likifunguliwa linakata kulia, kwa hiyo ukiwa umelifungua unalisukuma kushoto. Sukuma kidogo, achia, funga, angalia. Tena kidogo. Usishike bapa kama wenzo, chuma cha makali ni kigumu na kikali na hakipindi, kinavunjika.

Hii usifanye kwenye mfupa, kwenye pembe yenye nyufa, wala kwenye plastiki ya zamani iliyokwishakauka. Hizo peleka moja kwa moja hatua ya 9.

Na usitishwe na umbali unaouona kwenye ncha. Kutoka bawaba hadi ncha ni kama sentimita 12, na upana wa mpini pale kwenye bawaba hauzidi sentimita moja, kwa hiyo kichwa kimoja cha pini kikihama robo milimita tu, ncha inahama kama milimita tatu. Ndiyo maana nasema kidogo kidogo. Bapa linalokaa vibaya sana linaweza kuwa na kosa ambalo kwa macho huwezi kuliona.

8. Mpini umepinda: upashe moto. Hapa inategemea mpini ni wa nini.

Pembe inalainika kwenye maji ya moto. Chemsha maji, epua, subiri dakika moja mbili, halafu zamisha mpini ukiwa umeufungua wembe, chuma kibaki nje ya maji kadiri inavyowezekana. Dakika tano kwa mashavu membamba, mpaka kumi kwa manene. Ukiutoa utaona rangi imekolea na ukiubonyeza unakubali, hauna ule ugumu wa mwanzo. Vaa glavu, upinde taratibu kuelekea upande ule ambao bapa linaegemea. Watu wengi hapa wanakosea, wanapinda kwa kukwepa bapa. Hapana, mpini ndio unaolifuata bapa: kama bapa likifungwa linagusa shavu la kushoto, mwisho wa mpini wenye kabari ndio uende kushoto. Upinde upitilize kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu pembe ina kumbukumbu na itarudi nyuma. Ushikilie hivyohivyo ndani ya maji baridi dakika mbili tatu bila kulegeza mkono. Achia, kausha, funga, angalia. Ukiwa umebakiza kidogo rudia, pembe inavumilia kurudiwa mara mbili tatu.

Kama tatizo sio mpini mzima bali shavu moja limeingia ndani, pasha vilevile lakini ukitoa chomeka kijiti bapa cha mbao katikati ya mashavu, kiwe kinene kiasi cha kulisukuma shavu lile nje, acha mpaka kesho yake pembe ikiwa kavu kabisa.

Usiiache pembe ndani ya maji muda mrefu. Mpini wangu mmoja niliuacha kwenye maji usiku kucha nikidhani ndio utalainika vizuri, asubuhi nikakuta umefumuka, magamba yamenyanyuka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na haukurudi tena. Ukimaliza kazi, pembe ikishakauka ipake mafuta mepesi ndani na nje, iache inyonye, ifute.

Seluloidi inalainika kwa joto dogo kuliko pembe, maji ya moto yasiyochemka yanatosha, na dakika moja au mbili tu. Moto wa wazi, jiko na kiberiti viwe mbali kabisa, kitu hiki kinashika moto haraka na hakizimiki kirahisi. Hita ya kupulizia hewa moto nayo usiitumie hapa. Halafu kabla hata hujaupasha, kagua chuma: ukiona kutu imejipanga kwenye bapa pale tu panapokaa ndani ya mpini, na mpini una harufu kali au umeanza kuwa na ufa ufa na kutokwa na majimaji, hiyo seluloidi inaoza. Inatoa mvuke wa tindikali unaokula chuma. Hapo hakuna cha kunyoosha, toa mpini huo, weka mwingine, na usiuhifadhi karibu na nyembe nyingine.

Mpira mgumu unakubali maji ya moto ila unaweza kubadilika rangi kuwa wa kahawia. Mbao unaweza kuifukiza kwa mvuke na kuibana kwenye klempu usiku mzima, lakini matokeo hayatabiriki. Mfupa na pembe ya ndovu usitie moto wala maji. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, nayo haipindi hata ukiichemsha, inavunjika.

Ukimaliza kazi ya maji kausha bawaba haraka, tone la mafuta, fungua funga. Maji yanayobaki pale yanaanza kutu siku hiyohiyo.

9. Fungua wembe mzima. Hii fanya kama zilizotangulia zimeshindikana au kama kabari ndiyo mbovu. Kwa tupa, sugua kichwa cha pini upande mmoja mpaka kiwe bapa, weka alama katikati kwa ncha ya msumari wa chuma, toboa kidogo kwa biti ya milimita 1.5 kiasi cha kutoa kichwa tu, halafu sukuma pini itoke upande wa pili. Usibandue mashavu kwa bisibisi. Bandika tepu juu ya shavu kuzunguka kichwa ili tupa isilichane.

Pini zikishatoka, laza mashavu moja juu ya jingine, pitisha waya mmoja kwenye matundu ya kabari ya yote mawili, kisha tazama kama matundu ya bawaba nayo yanalingana. Shavu ambalo umbali wake wa tundu hadi tundu ni mrefu zaidi, upande huo ndiko bapa litakakoegemea likifungwa. Ukikuta tofauti, panua kidogo tundu la upande wa kabari kwenye hilo shavu refu, ukichonga kuelekea bawaba, ili shavu lote lisogee nyuma. Tundu la bawaba usiliguse, linatakiwa libane. Washa itaficha tundu ulilolipanua.

Kagua kabari pia. Pima unene wake kulia na kushoto, juu na chini. Kama upande mmoja ni mnene zaidi, mashavu yanajisokota, isugue kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka pande zilingane. Angalizo: nyembe nyingi za zamani kabari zake ni za risasi, ile metali laini ya kijivu inayoacha alama kwenye karatasi kama penseli. Hiyo usiisugue kikavu, lowesha, vaa glavu, futa vumbi lote na kunawa kabla hujashika chakula au uso.

10. Funga kwa skrubu kwanza, halafu ndio pini. Usiweke pini mpya moja kwa moja. Fiti zile skrubu nyembamba na nati, kaza kwa vidole, fungua na funga, rudia jaribio la hatua ya 4. Hapa ndipo unapoweza kurudi nyuma bila kuharibu kitu, ongeza washa nyembamba kati ya shina na shavu kama kuna nafasi, sugua kabari tena, rudia. Mimi huwa nauacha wembe na skrubu siku nzima nikiufungua na kuufunga kila nikipita mezani. Ukiridhika, toa skrubu ya kabari weka waya, iligonge, kisha ya bawaba. Kata waya ubakize kama milimita moja juu ya washa, nyoosha mwisho kwa tupa uwe bapa, na gonga kwa mtindo uleule wa hatua ya 6. Ukibakiza mrefu zaidi, waya unajikunja ndani badala ya kutanuka kichwa, na mhimili unarudi kuwa mshazari uleule uliokuwa unaukimbia.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kugonga pini ili bapa "lihame". Kugonga kunakaza, hakuhamishi. Likihama ni kwa bahati, na kesho litarudi.

Kujaribu kupinda bapa kwa mkono au kwenye jiliwa. Chuma cha wembe ni kigumu mno, hakikupi onyo, kinakatika vipande viwili na kipande kimoja hujui kimeruka wapi.

Kupasha mpini kwa hita huku bapa likipata joto hilohilo. Maji ya moto hayadhuru ugumu wa makali, lakini hita inaweza kulifikisha chuma kwenye joto linaloua ukali moja kwa moja. Kama ni lazima utumie hita kwenye plastiki ya kisasa, funga bapa kwa kitambaa kilicholowa na pulizia kwa mbali.

Kunoa kabla ya kurekebisha. Rekebisha kwanza, noa baadaye, la sivyo utanoa mara mbili.

Kama bado kuna shida

Limekaa katikati jana, leo limerudi. Kwenye pembe ni kawaida, hukuupitiliza vya kutosha au uliutoa kwenye maji baridi mapema. Rudia hatua ya 8, safari hii upinde zaidi na baada ya hapo uache na kijiti au kwenye klempu mpaka ukauke.

Liko katikati lakini ukibinya mpini linagusa. Mashavu ni membamba au kabari ni nyembamba mno. Kabari nene kidogo inaongeza nafasi. Kwa sasa jizoeze kushika mpini kwa kingo zake, juu na chini, unapofunga, usibinye mashavu.

Limekaza sana baada ya kugonga. Tone la mafuta, fungua na funga mara hamsini, mara nyingi linalegea lenyewe. Likigoma, pini hiyo itolewe, usilazimishe.

Ncha haigusi ila kisigino cha makali, kule karibu na shina, ndicho kinagusa. Hapo mara nyingi shavu limeingia ndani karibu na bawaba au washa ya ndani ya upande mmoja imekosekana. Hesabu washa, nyembe zilizowahi kufunguliwa na mtu mwingine mara nyingi zimepungua moja.

Chuma ndicho kilichopinda. Kama limepinda kidogo bado linanoleka na kunyoa, kwa hiyo usihangaike na chuma, pinda mpini ulifuate kama kwenye hatua ya 8 mpaka makali yasiguse. Ukiufungua utaonekana haujanyooka, lakini ngozi haitajua. Ufunge kwa kuongoza bapa na kidole gumba mgongoni siku mbili tatu za mwanzo, na kila baada ya kunyoa chungulia ndani ya mpini kwa tochi uone kama kuna mkwaruzo mpya.